Madamu wa P2 na mgeni aliyekaa nyuma: kisa cha mtafiti wa lugha Kyotera

Kisa hiki ni cha dogo mmoja Mhaya wa upande wa Bukoba, anasoma masters Tanzania, akaja Uganda kufanya utafiti wa lugha ya kufundishia kwenye shule za msingi wilaya ya Kyotera, ile wilaya iliyomegwa kutoka Rakai mwaka 2017, ukivuka tu Mutukula umeshaingia. Mi nafundisha Kiswahili sekondari Masaka, nimeishi huku kitambo, na ndo nilikuwa namsaidia vitu vidogo vidogo, chumba, usafiri, nani wa kumpigia simu, kwa hiyo nimeliona jambo lenyewe kwa karibu. Jina lake siweki na la shule siweki, na kusimulia karuhusu mwenyewe. Naliandika kwa sababu nimeshasikia watu wakilihadithia kwamba walimu wa Uganda walimwigizia dogo darasani, walimdanganya. Hawakumdanganya, na hapo ndo penye utamu wa kisa.

Kwanza mfumo wenyewe, maana sie Watanzania tunakuja na picha ya kwetu kichwani. Kwetu shule ya msingi ni Kiswahili tangu 1967, na Kihaya au Kisukuma ukikiongea darasani unakula fimbo, angalau enzi zangu. Uganda mambo ni mengine. Mtaala wa lower primary ulioanza 2007 unasema P1 mpaka P3, yaani darasa la kwanza mpaka la tatu, mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, Kiingereza kiwe somo tu, P4 ni mwaka wa kuvuka, kuanzia P5 kila kitu Kiingereza mpaka PLE, mtihani wa kumaliza msingi wa P7, ambao baraza la mitihani, UNEB, wanautunga kwa Kiingereza. Miji yenye mchanganyiko wa makabila kama Kampala inaruhusiwa kuanza na Kiingereza moja kwa moja, na shule nyingi za binafsi hata kijijini zinafanya hivo hivo kwa sababu ndo kitu mzazi anachokubali kukilipia ada. Kyotera lugha ya eneo ni Luganda, hapo hakuna ubishi.

Swali la dogo lilikuwa rahisi kulisema: je, kwenye shule ya serikali ya kijijini, P2 na P3, madamu anafundisha kwa lugha gani hasa? Sio anachojaza kwenye lesson plan, kinachotoka mdomoni.

Karatasi alijipanga, hilo nampa. Huku mtafiti wa kutoka nje anapita kwanza kamati ya maadili ya utafiti, wakishapitisha ndo anaenda kujisajili kwa baraza la taifa la sayansi na teknolojia, wale tunaowaita UNCST, halafu barua zinashuka wilayani, ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, ofisi ya elimu kwa DEO, afisa elimu wa wilaya, ndo unafika kwa hedimasta. Dogo alikuwa na folda ya plastiki ya bluu imejaa mihuri, akiingia ofisini anaanza na folda, akitoka anatoka na folda. Hedimasta akasoma yote, akampigia makofi, akampeleka staffroom akamtambulisha kama mgeni wetu kutoka chuo kikuu Tanzania, ametumwa na wilaya. Kutumwa na wilaya hakutumwa, lakini ukiwa na barua ya DEO mkononi ndivyo inavyosikika.

Sasa darasani. P2, watoto wengi kuliko madawati, wengine mkekani mbele. Wakasimama wote wakamkaribisha mgeni kwa Kiingereza cha kuimba, kile cha pamoja ambacho kila mtu aliyewahi kutembelea shule ya Uganda anakijua. Dogo akapewa kiti cha mwalimu, kikawekwa nyuma. Ratiba ya lower primary ina kipindi kinaitwa News, mtoto anasimama anasimulia kilichotokea nyumbani, ni kipindi cha kuwafungua midomo, na ndo maana dogo alikitaka sana. Madamu akaanza, kwa Kiingereza. Nani ana habari leo? Kimya. Akamnyooshea kidole binti mmoja, binti akasema, kwa Kiingereza, mama yangu ameenda sokoni. Makofi. Wa pili akasimama, mama yangu ameenda sokoni. Makofi. Wa tatu naye mama yake kaenda sokoni, na wa nne. Siku hiyo soko la pale sijui lilibeba akina mama wangapi. Hesabu ikaja kwa Kiingereza, literacy ikaja kwa Kiingereza, na kesho yake hivo hivo, na wiki ikaisha.

Dogo akamwandikia supavaiza wake Tanzania kwamba sera haitekelezwi, shule ya serikali kijijini kabisa na P2 wanafundisha Kiingereza tupu. Supavaiza akafurahi, hiyo ni finding, endelea kukusanya.

Jumamosi akaja Masaka tukala, akanihadithia, na katikati ya maneno akasema kitu alichokiona cha kawaida tu. Ukutani kuna chati za manila, mwalimu kaandika kwa mkono, namba emu, bbiri, ssatu mpaka kkumi, na pembeni mchoro wa mwili wa mtu una majina ya Luganda kila kiungo. Na daftari za watoto, zile zenye jalada la gazeti, juu ya ukurasa kumeandikwa Lwakubiri, Lwakusatu, siku za wiki za Luganda, chini kuna sentensi za Luganda na vema nyekundu za madamu. Nikamuuliza, hizo vema ni za lini? Akasema mpaka ile wiki kabla hajafika. Nikamwambia sasa dogo, hilo darasa linafundishwa Luganda. Kiingereza kimekuja na wewe.

Kwa watu wa isimu hili lina jina la zamani, observer's paradox, mwanaisimu wa Marekani William Labov alishalisema miaka ya 1970, kwamba unataka kujua watu wanaongeaje wakati hawachunguzwi, na njia pekee uliyonayo ni kuwachunguza. Kwenye proposali yake dogo alikuwa ameliandikia aya nzima, kwamba atakaa darasani muda mrefu mpaka wamzoee. Shida ni kwamba kukaa muda mrefu kunasaidia kama tatizo ni ugeni wa kawaida. Kama tatizo ni lingine unaweza kukaa muhula mzima na akina mama bado wako sokoni.

Supavaiza alivyoambiwa akaja na jibu la pili: walimu wanaogopa, wanadhani ni mkaguzi, basi iombwe barua nyingine wilayani inayoeleza wazi kwamba huu sio ukaguzi. Watu wengi wangesema hivo hivo. Lakini lifikirie kidogo. Mkaguzi wa wilaya akiingia P2 anataka kusikia nini? Luganda. Serikali ndo imesema Luganda. Mwalimu anayemwogopa mkaguzi angefundisha Luganda mpaka mgeni atoke jasho, na chati zake angezionyesha kwa fimbo moja moja. Huyu madamu alifanya kinyume cha kile ambacho hofu ingemfanyisha. Kwa hiyo hofu haiwezi kuwa jibu la P2, na barua ya ziada ingeongeza tu ukubwa wa mgeni.

Hofu ilikuwepo, ila sehemu nyingine, na ndo kilichowachanganya wote. Ilikuwa nje ya geti.

Dogo alipofika alikuwa anasalimia kila mtu kwa Kiswahili, ni lugha yake, na Mutukula pale mpakani inafanya kazi vizuri tu, wauza mchele, wabadilisha hela, madereva, wote wanaongea. Ukishasogea ndani kidogo kuelekea vijijini hali inabadilika. Kwenye Buganda Kiswahili kina historia nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gowers, gavana wa Waingereza, alitaka kukisukuma kiwe lugha ya elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakataa. Baadaye kikawa lugha ya jeshi na polisi, Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa mzee wa kijijini Kiswahili ni sauti ya mtu aliyesimama barabarani na bunduki akikwambia shuka kwenye gari. Kwenye karatasi kimeshapanda cheo, kimekuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya 2005, kikawa somo la lazima S1 na S2, miaka miwili ya kwanza ya sekondari, kwenye mtaala wa 2020, Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiende mpaka msingi, na mimi mkate wangu ndo huo. Ila mzee hajakaa na mtaala. Vijana wa bodaboda pale senta walimbatiza dogo jina la Afande siku ya kwanza, kwa utani, na utani ukamfuata.

Tena ni Mtanzania, na njia hiyo hiyo ya Mutukula mpaka Masaka ndo walipita wanajeshi wetu mwaka 1979, Masaka ikaangushwa Februari, mji ukavunjwa vibaya. Watu wengi huku watakwambia tuliwakomboa na watakununulia soda, lakini wapo waliopoteza nyumba, na wote wawili ni majirani. Dogo alizaliwa baada ya hayo yote, hakuwa na habari kwamba lafudhi yake inabeba mizigo hiyo.

Juu ya hayo weka simu. Alitaka kurekodi darasa, kwa hiyo zikatoka fomu za ridhaa kwa wazazi, kurasa mbili, upande mmoja Kiingereza na upande mwingine Luganda iliyotafsiriwa Kampala. Kamati za maadili zinataka kila fomu iwe na sehemu ya hatari zinazoweza kutokea, hata kama hakuna uandike hakuna. Sasa mzazi anasomewa na mtoto wake wa P6 nyumbani jioni, anafika kwenye neno hatari, anasema simama hapo hapo, kwanza kwa nini wametaja hatari? Kufika Jumatano ikawa inasemwa senta kwamba kuna Afande wa Tanzania anachukua sauti za watoto anapeleka ng'ambo. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye huku anaitwa ssentebe, akaja shuleni amekasirika, na hasira yake haikuwa hata na sauti za watoto. Alikasirika kwamba mgeni analala kijijini kwake na hajaletwa kwake. RDC anajua, DEO anajua, yeye anasikia kwa bodaboda. Huku ukihamia kijiji mtu wa kwanza kukujua ni LC1, hilo halipo kwenye orodha ya viambatanisho vya chuo.

Hapo dogo alikuwa karibu kufunga virago, akanipigia usiku, kaka hawa watu hawanitaki. Nikamwambia tulia, watu unaowasema ni makundi mawili tofauti na kila moja lina sababu zake.

La kijijini lilimalizwa na watu wa kijijini. Mama mwenye nyumba aliyompangisha dogo ni mfanyabiashara, anachukua bidhaa Mutukula, Kiswahili anakimwaga kama mtu wa Kariakoo. Yeye ndo alimpeleka kwa ssentebe, jioni, bila folda, kilo mbili za sukari mkononi. Wakakaa, wakaulizana koo na vijiji, ikagundulika ssentebe ana shangazi aliolewa Bukoba. Siku ya kikao cha wazazi senior woman teacher, mwalimu wa kike anayeshughulikia malezi ya wasichana shuleni, akaisoma ile fomu yote kwa Luganda yake mwenyewe, sio ile ya Kampala, alipofika kwenye hatari akacheka kwanza halafu akaeleza ni utaratibu, kama fomu ya hospitali. Wengi wakasaini. Wachache hawakusaini na watoto wao hawakurekodiwa, ni haki yao.

La darasani ndo likabaki, na lilifumbuliwa na mama huyo huyo. Anasali kanisa moja na madamu wa P2. Jumapili moja wakati wanatoka akamuuliza tu, mbona mwanangu ananiambia unafundisha Kizungu siku hizi? Madamu akashangaa kuulizwa. Akasema, mgeni wa watu amekaa pale nyuma asubuhi mpaka saa sita mchana, Luganda hajui, anaandika andika, mimi nitaongea saa zote hizo kitu asichokielewa? Si ufidhuli huo?

Ndo hivyo. Ilikuwa adabu.

Mi nilivyoambiwa nilicheka halafu nikanyamaza, maana ukimjua mtu wa Buganda hilo ulitakiwa kulifikiria mwanzo. Nyumba ambayo binti anapiga magoti kumsalimia mgeni, chakula kinaanza kwa mgeni, mgeni haachwi peke yake sebuleni hata kama wenyeji wana kazi zao, unategemea mtu aliyelelewa humo amgeuzie mgeni mgongo masaa manne kwa sababu sera imesema? Madamu alikuwa na watoto wengi na mtu mzima mmoja, akachagua lugha ambayo mtu mzima ataipata, akijua watoto atawarudia. Na aliwarudia kweli, mchana dogo akishaondoka kwenda kuandika notisi zake, masomo ya asubuhi yalikuwa yanarudiwa kwa Luganda. Watoto walikuwa wanasoma mara mbili kwa ajili yake.

Angalia sasa jinsi hilo linavyobadilisha dawa. Kama ni hofu, unapunguza cheo cha mgeni, unavaa fulana, unaficha daftari. Kama ni adabu, hata ukivaa kandambili bado ni mgeni na bado hujui Luganda. Njia ni moja tu, aache kuwa mtu asiyeelewa.

Dogo akaomba kukaa P1. Sio kama mtafiti, kama mwanafunzi wa Luganda, kipindi cha kwanza asubuhi, daftari la mistari, penseli. Hedimasta hakupenda kabisa, aliona anamdhalilisha mtu wa chuo kikuu. Madamu wa P1 alipenda mno. Watoto ndo usiseme, walipata mtu mzima anayekosea. Kihaya kilimsaidia na kikamponza, maneno mengi anayasikia kama ya nyumbani kwao anajiachia, kumbe irabu hii inavutwa na konsonanti ile inakazwa, darasa zima linamwitikia kwa pamoja kumsahihisha, na mapumziko wanamfuata nje wanamwonyesha vitu, mti, jiwe, kiatu, wanamngoja ataje. Jina la Afande likafa lenyewe, wakaanza kumwita jina la ukoo wa Kiganda walilompa wao.

Baada ya muda, sio mrefu sana, madamu wa P2 akamtega. Katikati ya hesabu akamgeukia nyuma akamuuliza swali kwa Luganda, la kawaida, saba toa tatu. Dogo akajibu. Darasa likalipuka. Madamu akaendelea na Luganda, na hakurudi tena kwenye Kiingereza kwa ajili yake.

Kurekodi nako kulibadilika. Madamu alisema simu ya mgeni mezani inamkera, lakini yake haimkeri, kwa hiyo yeye mwenyewe ndo akawa anarekodi kwa simu yake, anachagua kipindi cha kumpa dogo. Hii ni kubadilisha mbinu ya utafiti, na ukibadilisha mbinu lazima urudi kwa kamati ya maadili na ombi la marekebisho, huwezi kujiamulia tu. Wakangoja. Dogo aliona ni muda unapotea, mimi naona ndo wiki zilizomfundisha Luganda.

Picha iliyotoka mwishoni sio ile ya "sera haitekelezwi" na sio ya "inatekelezwa". Maelezo, hadithi, ugomvi wa watoto, utani, yote Luganda. Namba zinachanganyika, wanahesabu vijiti kwa Luganda halafu jibu linatamkwa kwa Kiingereza. Na kinachoandikwa ubaoni wiki za mwisho wa muhula kinageuka Kiingereza karibu chote, kwa sababu shule inanunua mitihani ya mwisho wa muhula kwa watu binafsi, na mitihani hiyo inakuja imeandikwa Kiingereza hata ya P2. Mzazi anaangalia alama za karatasi hiyo. Madamu hana nguvu juu ya mtihani, ana nguvu juu ya mdomo wake tu, kwa hiyo anafundisha kwa lugha moja na kuandaa watoto kwa karatasi ya lugha nyingine. Kipindi cha News nikakisikia kwenye rekodi moja baadaye. Kuna mtoto anasimulia jinsi nguruwe wa jirani alivyoingia jikoni kwao akala posho yote, yaani ugali, na baba akamkimbiza hadi kwenye migomba, anaongea hapumui, wenzake wanaongezea, madamu anacheka mpaka anasahau kumwambia akae.

P3 haikufanikiwa. Mwalimu wa P3 alikuwa mwanaume kijana, yeye hofu alikuwa nayo ya kweli, alikuwa anatafuta uhamisho na hakutaka sauti yake ibaki popote, akakataa mara ya kwanza na mara ya pili akakataa kwa heshima zaidi. Dogo akaiondoa P3 kwenye tisisi, akabadilisha kichwa cha habari, ikawa P2 peke yake kwenye shule moja. Supavaiza hakufurahi, alitaka ulinganisho.

Kwenye kuitetea walimbana hapo hapo tulipotegemea, kwamba mwalimu akijichagulia vipindi vya kutoa basi data imechujwa. Ni kweli imechujwa. Dogo akawawekea mezani notisi za wiki ya kwanza, zile za akina mama sokoni, ambazo yeye ndo alichagua vipindi mwenyewe kwa sampuli safi kama proposali ilivyosema, akawaomba wazilinganishe na rekodi za madamu. Wakampitisha kwa masharti, aongeze sura ya mbinu kurasa kadhaa na aeleze nafasi ya mtafiti. Sasa hivi anaziandika, na kila akikwama ananipigia kuniuliza kwa Luganda, mi namjibu Kiswahili kwa sababu Luganda yake sasa imeipita yangu.